Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Hotuba iliyosomwa katika ukumbi wa hekalu letu, Tanga, siku ya maadhimisho



Halmashauri ya hekalu imetutaka tuseme machache juu ya wazee wetu waliovuka bahari kuja pwani hii. Tumechagua kusema kwa Kiswahili, na tuna sababu mbili. Ya kwanza, wajukuu wetu wengi hawasomi tena Kigujarati, na majirani zetu hawakukijua kamwe. Ya pili, habari yenyewe ilitokea kwa Kiswahili. Wazee wetu walishuka bandarini bila kujua neno hata moja, lakini haukupita muda mrefu wakawa wanaandika kuni, fagio, kisu na sufuria kwa herufi za Kigujarati. Hadi leo jikoni mwetu muhogo ni mogo na njugu ni jugu, na ndugu zetu walioko Leicester huyasema maneno hayo wakidhani yametoka Gujarat.

Kila nyumba yetu ina hadithi yake ya babu, na aghalabu hadithi hizo zinafanana. Babu alifika na rupia moja mfukoni, akalala juu ya magunia, akafanya kazi usiku na mchana, akafungua duka, akasomesha watoto. Tumeisimulia harusini, tumeisimulia Diwali, na sisi wenyewe tumeisimulia pengine kuliko wote. Lakini hadithi ambayo kila nyumba huieleza kwa maneno yaleyale huacha mambo mengi nje. Haisemi ni nani aliyemlipia nauli, ni nani aliyempa bidhaa kwa mkopo, ni nani aliyempa kivuli siku ya kwanza, wala alikufa akidaiwa nini na nani.

Wazee wetu hawakuwa wa kwanza kuja. Kwa karne nyingi pepo za kaskazi zilileta majahazi kutoka Mandvi, Porbandar na bandari nyingine za Kutch na Kathiawar, na kusi ikayarudisha. Sayyid Said alipoifanya Unguja kuwa makao yake katika karne ya 19, ushuru wa forodha ulikuwa mikononi mwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch. Tunapenda kulitaja jina hilo kwa fahari. Basi tulitaje lote: forodha ile ilitoza ushuru wa pembe za ndovu na karafuu, na ilitoza ushuru wa watumwa pia. Mwenye kusoma ukurasa mmoja wa daftari na kuuruka wa pili hajasoma hesabu.

Hali kadhalika liko kosa ambalo vijana wetu hulirudia shuleni, kwamba sisi sote ni wajukuu wa waliojenga reli ya Uganda. Reli ile ya Mombasa hadi Ziwa Victoria ilijengwa tangu 1896 hadi 1901, na vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kwa mkataba kutoka Bara Hindi. Wengi wao walikuwa watu wa Punjab. Wapatao 2,500 walikufa, na wengi waliosalia walirudi kwao. Wagujarati walio wengi walikuja kwa nauli yao au ya jamaa zao, nao walikuja kufanya biashara. Huku kwetu Wajerumani walianza reli ya Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na maduka madogo yakafuata stesheni moja baada ya nyingine. Duka la babu yetu lilikuwa mojawapo, upande wa Muheza.

Babu yetu, ambaye kwa Kigujarati huitwa Dada, jambo lililowachekesha sana majirani kwa kuwa kwao dada ni ndugu wa kike, alitoka kijiji cha karibu na Porbandar akiwa kijana wa miaka kumi na sita. Miaka mitatu alitumika katika duka la jamaa yake hapa mjini kwa chakula na malazi tu. Kisha akapewa bidhaa kwa mkopo, akaenda stesheni, akapanga chumba cha udongo chenye paa la makuti. Aliuza chumvi, kiberiti, mafuta ya taa, majembe, kaniki na marekani. Alinunua nazi na mpunga. Hayo ndiyo tuliyoyajua, nasi tulidhani yanatosha.

Miaka mitatu iliyopita tulikuwa tukibadilisha mabati ya ghala letu la zamani. Darini mafundi walikuta sanduku la bati, na ndani yake madaftari kumi na moja, marefu, ya jalada jekundu la kitambaa, yale tunayoyaita chopda. Majirani wameyaona usiku wa Diwali, tunapofungua mapya na kuyafanyia ibada, na kuandika ukurasa wa kwanza Shubh na Labh, yaani heri na faida. Mawili yalikwisha kuliwa na mchwa. Tisa yalisalia.

Hatukuweza kuyasoma. Sisi tulisoma Kigujarati cha shule, lakini wafanyabiashara wa zamani waliandika kwa mkato, wakiacha alama za irabu, kiasi kwamba neno moja huweza kusomwa kwa njia tatu. Katika jumuiya yetu alikuwapo mzee mmoja tu aliyejifunza mwandiko ule alipokuwa karani kijana. Kila Jumamosi alasiri alikuja na lenzi yake, akasoma, nasi tukaandika. Ilichukua miezi minane. Mzee huyo ametangulia mwaka jana. Tunayasema haya ili kila mwenye sanduku nyumbani kwake afahamu kwamba kinachokwisha kwanza si karatasi, bali ni macho yanayoweza kuisoma.

Yeye ndiye aliyetufundisha kuhesabu miaka. Madaftari yetu yanafuata Vikram Samvat, ambao mwaka wake huanza siku inayofuata Diwali. Kwa tarehe zilizo kati ya Diwali na mwisho wa Desemba, toa 57. Kwa zilizobaki, toa 56. Kwa hiyo Samvat 1985 ni kuanzia mwishoni mwa 1928 hadi Diwali ya 1929. Lakini mwenye asili ya Kutch awe mwangalifu, kwani Wakutchi huadhimisha mwaka wao mpya katika mwezi wa Ashadh, wakati wa mvua za kule. Tarehe moja ikikosewa, mtoto huonekana kazaliwa kabla ya wazazi wake kuoana.

Alitukumbusha pia pande mbili za ukurasa. Kushoto ni jama, yaani kilichopokelewa, ambacho duka linawiwa. Kulia ni udhar, yaani kilichotolewa, ambacho duka linawia watu. Kwa muda wa miezi mitano tulisoma udhar kwa raha. Fulani kachukua chumvi, fulani kachukua jembe, atalipa baada ya mavuno. Babu aliwaamini watu, tukasema, na watu walimlipa.

Kisha tukafika Samvat 1999, ambao huangukia 1942 na 1943. Upande wa jama liko jina la mama mmoja wa Kibondei, mjane, aliyekuwa akisuka na kuuza mikeka. Pembeni limeandikwa neno amana, kwa Kiswahili. Shilingi sita. Baada ya mwezi, shilingi nne. Tena tatu, tena kumi. Ndugu zetu, siku zile shambani hapakuwa na benki, na mwenye akiba aliiweka kwa mwenye duka aliyemwamini. Mwishoni mwa daftari jumla yake ni shilingi 112, fedha nyingi kwa mtu wa mikeka katika miaka ile.

Tulitafuta mahali ambapo fedha hizo zilichukuliwa. Tulifungua la mwaka uliofuata, na lililofuata. Jumla ilihamishwa mwaka hadi mwaka, kwa mwandiko uleule safi wa babu, hadi alipofariki mwaka 1953. Baba yetu alifunga duka na kuhamia mjini, akafungua daftari jipya. Katika daftari hilo jipya udhar zote za Muheza zimehamishwa, hata deni la senti thelathini la mafuta ya taa. Jina la yule mama halimo.

Baba hayupo kujieleza, nasi hatutamhukumu mtu asiyeweza kujibu. Labda alikuwa na sababu, labda alipitiwa. Lakini sisi sote hapa tumeishi kwa biashara, na tunajua maana ya kuhamisha tunachodai na kuacha tunachodaiwa.

Tulikaa sisi ndugu wanne na binamu zetu, tukabishana siku mbili. Mmoja alisema ukurasa ule uchomwe, maana utalitia doa jina la babu. Mwingine alisema miaka themanini imepita, sheria yenyewe haitambui deni la namna hiyo. Mkubwa wetu alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Mwaka huu Diwali tutaandika Shubh na Labh juu ya nini?" Hapakuwa na aliyejibu. Wiki iliyofuata tulikwenda Muheza.

Stesheni ipo, duka halipo. Tuliuliza kwa wazee, na kabla ya adhuhuri tukapelekwa katika shamba la michungwa, kwa mjukuu wa yule mama, ambaye sasa ni mzee kutupita sisi. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Tukajitambulisha kwamba sisi ni wajukuu wa mwenye duka la stesheni. Alitutazama, akasema, "Karibuni. Mmekawia kidogo."

Alikuwa anajua. Katika nyumba yao, kwa vizazi vitatu, imesimuliwa kwamba akiba ya bibi ililala dukani kwa Banyani. Bibi yake hakuacha karatasi. Aliacha maneno, nao waliyatunza bila kuyaongeza, kwa sababu kiasi alichokitaja mzee yule kilikuwa shilingi 112. Sisi tulikuwa na maandishi bila kumbukumbu, na wao kumbukumbu bila maandishi. Nusu mbili za habari moja zilikaa miaka themanini zikiwa mbalimbali kwa mwendo wa saa moja wa gari.

Lakini alikuwa na jingine ambalo hakuna daftari letu lililolitaja. Bibi yetu, tuliyemwita Ba, aliletwa stesheni ile akiwa bibi arusi wa miaka kumi na saba, bila mama, bila dada, bila mwanamke mwingine anayesema lugha yake. Baba yetu alipozaliwa, mvua za masika zilikuwa zimekata njia na babu alikuwa mjini kununua bidhaa. Aliyempokea baba yetu duniani kwa mikono yake alikuwa yule mama wa mikeka. Alikaa na Ba siku arobaini, akampikia uji, akamwonyesha namna ya kumkanda mtoto. Ba aliishi hadi sisi tukawa watu wazima, na kila tulipomuuliza juu ya zamani alituambia, "Nilikuwa na shoga kule." Hatukumuuliza shoga huyo ni nani. Tulikuwa tunangoja asimulie habari za babu.

Hilo ndilo lililotuuma zaidi ya fedha. Mwanamke aliyemwokoa baba yetu ndiye ambaye jina lake baba yetu hakulihamisha.

Dawa ya deni ni kulipa. Tulilipa. Kiasi gani, na kwa hesabu gani ya thamani ya shilingi ya wakati ule, ni siri ya nyumba mbili. Mzee yule alitaka jambo moja zaidi, kwamba ukurasa usomwe mbele ya wajukuu wake na wetu, na jina la bibi yake litamkwe sawasawa, kwa kuwa kwa herufi zetu tulikuwa tumelipotosha. Tumelisoma hivyo, na amekaa nasi leo katika safu ya mbele pamoja na binti zake. Jina hatulichapishi katika kitabu hiki, kwa kuwa ni lao kulitoa wapendapo.

Ndugu wapendwa, hatukusimama hapa kujisifu kwamba tumelipa. Mtu hasifiwi kwa kulipa alichokuwa akidaiwa. Tumesimama kuwaomba kila mmoja aifungue sanduku yake, na kuwaeleza machache tuliyojifunza njiani.

Anzeni na walio hai, na waulizeni juu ya vitu. Ukimwambia bibi, "Simulia historia yako," atakujibu kwamba hana historia. Mwulize sufuria hii ilitoka wapi, jirani wa mkono wa kulia alikuwa nani, nani alimkata mtoto kitovu, naye atasema hadi jioni.

Tazameni vyombo vya shaba nyuma ya kabati. Mama zetu walipewa harusini vyombo vilivyogongwa majina na tarehe. Katika pasi za kusafiria mwanamke aliandikwa chini ya mumewe, na vitabu vya barot, wale watunza nasaba wa kurithi huko Gujarat, aghalabu hufuata wanaume, baba na mwana, baba na mwana. Sisi tulilipata jina la ukoo wa kuzaliwa wa Ba chini ya sinia.

Geuzeni picha, msome mhuri wa studio. Nendeni Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, nendeni Zanzibar, mkaulize maombi ya leseni na matangazo ya mirathi katika Gazeti la Serikali. Mwenye kwenda kuhiji Haridwar awaulize makuhani wa pale, ambao hutunza vitabu vya familia za mahujaji, na aandike humo majina ya watoto wake waliozaliwa Tanga, ya binti pamoja na ya wana.

Kisha toeni nakala, mgawane. Shangazi yetu aliolewa Jinja. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku tisini waondoke Uganda, aliondoka na masanduku mawili, na albamu zake zilibaki mezani. Picha ya harusi yake anayoitazama leo Uingereza ni ile aliyotutumia sisi kwa posta zamani. Hapa kwetu pia, wengi walipoondoka baada ya majengo kutaifishwa mwaka 1971, madaftari yaliachwa, na tuliokuwa watoto tunakumbuka kununua karanga zilizofungwa katika karatasi zenye mwandiko wa Kigujarati. Tulikula karanga, tukatupa habari za watu.

La mwisho, na ndilo kubwa: nendeni kwa majirani. Habari za wahamiaji hazikai nyumbani kwa mhamiaji peke yake. Nusu yake iko kwa waliompokea. Wao walituona tulivyokuwa, hawakutuona tulivyojisimulia. Wanakumbuka mizani iliyokuwa sawa na iliyopunja, mwenye duka aliyekopesha wakati wa njaa na aliyefunga mlango. Tusiogope kuyasikia. Babu yetu hakupungua kwa ukurasa ule. Aliihamisha amana ya mjane miaka kumi mfululizo bila kuigusa, na hilo nalo tusingelijua kama ukurasa ungechomwa.

Halmashauri imekubali kututengea kabati lenye kufuli katika maktaba ya hekalu. Mleteni chopda, pasi, barua na picha. Zitapigwa picha na kurudishwa kwa wenyewe. Tunaomba pia kila habari iandikwe kwa Kigujarati na kwa Kiswahili, bega kwa bega, ili mjukuu aisome na jirani aisahihishe. Na kijana yeyote aliye tayari kujifunza mwandiko ule wa zamani, aje Jumamosi alasiri. Lenzi ya mzee wetu tumeachiwa, na ipo mezani.

Waswahili wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na daftari, na habari ilikaribia kupotea vilevile, kwa kuwa tulisoma upande mmoja. Diwali ijayo tutakapofungua kitabu kipya, mstari wa kwanza upande wa jama utakuwa jina la yule mama, na mbele yake hatutaandika kiasi chochote.